Kabla hujalipa kifurushi: kuuza vipodozi vya kampuni hapa Lubumbashi

Mdogo wangu, kama kuna mtu amekualika Jumamosi hii kwenye ukumbi fulani mjini uje "usikilize nafasi", nenda. Kusikiliza hakulipiwi. Ila faranga zako ziache nyumbani, na kabla ya kuzitoa sandukuni soma kwanza haya.

Mimi nauza mafuta ya ngozi, marashi na vipodozi vya uso kwa kampuni isiyo na butiki. Bidhaa inatoka depo, inapita mikononi mwetu wauzaji, inafika kwa mteja. Nakaa komine ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi; wateja wangu wako hapo hapo, Kamalondo, Katuba, na wengine mjini kwenye maofisi. Kazi hii naipenda na sina mpango wa kuiacha. Nimeona pia ikiwatia kwenye madeni akina mama wenye akili na bidii. Nikitazama kinachowatenga na wale ambao imewalisha, narudi kila mara kwenye swali moja: faida yao ilikuwa inatoka wapi? Ikitoka kwenye chupa iliyoishia kwenye ngozi ya mteja, kazi ni ya heshima na inaweza kusomesha mtoto. Ikitoka kwa mtu mpya aliyelipa ili aingie, kuna mtu huko chini atalia, na mara nyingi ni mtu mnayesali naye.

Kazi yenyewe ikoje

Unajiandikisha, unanunua kifurushi cha kuanzia (katalogi, sampuli, pengine na chupa chache), unapewa namba. Kuanzia hapo unanunua kwa bei ya muuzaji na kuuza kwa bei ya katalogi. Kinachobaki katikati ni chako. Makampuni mengi yanaongeza njia ya pili: ukimwingiza mtu, unapata asilimia fulani ya manunuzi yake, na ya manunuzi ya yule atakayeingizwa naye, hivyo hivyo kushuka. Njia ya kwanza haizungumzwi sana ukumbini. Ya pili ndiyo inayopigiwa makofi.

Si kazi ya juzi. Mwaka 1886, huko New York, David McConnell alikuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba, akaona kwamba akina mama walivutiwa na vichupa vya marashi alivyowagawia bure kuliko vitabu vyenyewe. Akaacha vitabu, akaanzisha kampuni ya marashi ambayo baadaye ilichukua jina la Avon. Muuzaji wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Bi Albee wa New Hampshire, aliyezunguka akiuza na kuwaandikisha wanawake wengine, zaidi ya miaka thelathini kabla katiba ya Marekani haijawapa wanawake haki ya kura mwaka 1920. Mary Kay Ash alianzisha kampuni yake Dallas mwaka 1963. Oriflame ilizaliwa Sweden mwaka 1967, Forever Living Marekani mwaka 1978, Tiens China mwaka 1995.

Jambo hilo la wanawake linanigusa. Hapa kwetu, mpaka Sheria ya Familia ilipofanyiwa marekebisho Julai 2016, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume wake ili mkataba wake utambuliwe. Leo mama anaandika jina lake mwenyewe kwenye fomu, anashika daftari lake, anajua bei ya kununua na ya kuuza. Wapo niliowaona wakianza bila kuthubutu kumsemesha mgeni, na sasa wanaingia kwenye ofisi ya benki na kueleza bidhaa bila kutetemeka. Faida hiyo haimo kwenye katalogi na ni ya kweli. Mtaji mdogo unatosha kuanzia, saa unajipangia, mtoto akiugua hakuna bosi wa kumwomba ruhusa, na mafuta yako ya nyumbani unayapata kwa bei ya chini.

Lakini wewe si mfanyakazi wa kampuni hiyo, hata wakikuita "mshirika" au "meneja". Hakuna mshahara. Hakuna mchango wa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa ajili ya uzee wako, wala zile wiki 14 za uzazi ambazo sheria ya kazi ya Kongo inampa mwanamke mwenye mkataba. Ukilala hospitali mwezi mzima, mapato ya mwezi huo ni sifuri, na pengine cheo chako kinashuka juu yake. Kama leo una kazi yenye mshahara, hata mdogo, usiiache kwa ajili ya hii. Anza nayo jioni na Jumamosi.

Swali la kuuliza kabla ya mengine yote

Muulize anayekualika, kwa upole lakini uso kwa uso: "Yaya, nisipomwingiza mtu hata mmoja, nitakula nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Akianza kukokotoa kwa idadi ya chupa na wateja, keti naye. Akijibu kwamba siri iko kwenye kuingiza watu, shika mkoba wako uende zako.

Swali hili lina historia. Miaka ya 1970 kulikuwa na kampuni ya vipodozi Florida iliyoitwa Koscot. Watu walilipa fedha nyingi kununua haki ya kuuza na haki ya kulipwa kwa kila mtu waliyemwingiza, wakati vipodozi vyenyewe havikuwa kiini cha mapato. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Marekani iliamua kwamba huo ni mpango wa piramidi, na kipimo walichokitumia hapo bado kinatumika: je, malipo yanatokana na kuingiza watu, au na bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho? Mwaka 1979 tume hiyo hiyo iliichunguza Amway ikaona si piramidi, kwa sababu ya kanuni tatu ambazo kampuni ilikuwa nazo. Muuzaji alitakiwa awe ameuza angalau asilimia 70 ya mzigo wake kabla ya kuagiza mwingine. Alitakiwa kuwa na wateja wa rejareja wasiopungua kumi kwa mwezi. Na anayejitoa alinunuliwa tena mzigo wake.

Ziandike kanuni hizo tatu kwenye karatasi, uende nazo ukumbini. Hata kama kampuni unayoalikwa haijawahi kuzisikia, wewe unaweza kuzifuata kama sheria ya nyumba yako. Mimi hiyo ya asilimia 70 naishika: mzigo wa zamani haujapungua kiasi hicho, agizo jipya haliondoki, hata meneja apige simu mara ngapi.

Wazazi wetu hawahitaji mfano wa Florida. Waulize habari ya Bindo. Mwaka 1991 Bindo Promotion ilianguka Kinshasa na akiba za watu wengi, baada ya kuwaahidi faida ambayo ililipwa kwa fedha za walioingia nyuma yao. Pale hapakuwa na chupa wala sabuni, fedha tupu. Kuwepo kwa chupa peke yake hakukuhakikishii usalama: chupa inaweza kuwa kisingizio tu, kama bei yake ni kubwa mno kiasi kwamba hakuna mtu wa nje anayeinunua, ila wauzaji wenyewe kwa kutafuta pointi za kupandishwa cheo.

Jaribu hili kabla ya kulipa. Mwombe anayekualika akuuzie chupa moja, au akuazime katalogi kwa wiki. Zunguka mtaani kwako. Waonyeshe watu ambao si ndugu zako: mama wa saluni, walimu wa shule ya jirani, wauguzi. Waulize kama wangetoa bei ile kwa mafuta yale, wakati soko la Kenya limejaa mafuta yanayoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia, kwa bei ya chini. Wakitikisa kichwa wote, umepata jibu lako bila kupoteza kitu.

Hesabu, kwa dola na kwa faranga

Tuchukue mfano, maana kila kampuni ina bei zake. Chupa ya mafuta inauzwa dola 10 kwenye katalogi, wewe unainunua kwa 7.5. Faida kwa chupa ni dola 2.5. Tuseme mwezi huu umeuza chupa 30, yaani moja kila siku, jambo ambalo si dogo. Watu wawili hawakulipa. Kwa hiyo umepata 2.5 mara 28, ni dola 70, ukatoa 15 za gharama ya zile chupa mbili zilizopotea: imebaki 55. Kwenda depo na kurudi, taksi na pikipiki za manseba, dola 2, mara mbili kwa wiki: toa 16, inabaki 39. Chupa moja umeifungua ya kuonjesha: toa 7.5. Vocha za simu za kutuma picha na kupigia wateja: tuseme 5. Mkononi una dola 26 na nusu, na kifurushi cha kuanzia bado hakijajilipa.

Sikuandika hivyo ili nikukatishe tamaa. Dola 26 za mama ambaye anafanya hivi pembeni ya ushonaji wake ni minervali (karo) ya mtoto au gunia la makala ya kupikia. Tatizo ni yule aliyeambiwa atapata mia tano. Fanya hesabu hiyo kwa bei halisi za kampuni yako, na uone mwenyewe kwamba chupa moja isiyolipwa inameza faida ya chupa tatu. Ndiyo maana nitalizungumzia deni kwa urefu zaidi huko mbele kuliko kitu kingine.

Kuna hatari nyingine ambayo ukumbini haitajwi. Depo inataka dola, mteja wa Katuba analipa faranga, na kiwango kinatembea. Ukimpa mtu chupa leo kwa bei ya faranga, akalipa baada ya wiki tatu kiwango kikiwa kimepanda, umeuza kwa hasara bila kuona. Andika bei kwa dola kwenye daftari, na mteja alipe faranga kwa kiwango cha siku anayolipa. Mwambie hivyo tangu mwanzo, mbele ya chupa, asije akadhani umembadilikia. Na noti ya dola iangalie mbele na nyuma kabla ya kuipokea: ikiwa na mpasuko mdogo tu, wewe ndiye utakayezunguka nayo.

Lengo la mwezi

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo nisikilize vizuri. Makampuni mengi yanakutaka ufikishe pointi fulani kila mwezi ili ubaki kwenye cheo chako au upokee asilimia ya walio chini yako. Mwisho wa mwezi unafika, umeuza nusu. Simu inalia: "Mama, zimebaki pointi kidogo tu, usiache cheo kianguke, nunua, utauza mwezi ujao." Unanunua. Mwezi ujao una mzigo wa miezi miwili, na lengo ni lile lile.

Mama mmoja wa korasi yetu, mjane, alifikishwa huko na kampuni ambayo sitaitaja. Alichukua fedha za kuanza masomo ya watoto, mwezi wa nane, akanunua cheo. Walimpigia makofi ukumbini, wakamvisha utepe. Mwezi wa tisa watoto walirudishwa nyumbani, na chini ya kitanda chake kulikuwa na makartoni ya krimu ambazo tarehe yake ya mwisho ilikuwa inakaribia. Tulimsaidia kuziuza kwa bei ya kununulia, nyingine chini ya hapo. Yule aliyemwingiza alikuwa ameshapata asilimia yake siku ile ile ya manunuzi. Namwandikia kila binti anayesoma hapa: cheo kinachonunuliwa si mapato. Fedha ya minervali, ya kodi ya nyumba na ya dawa haigusi biashara hii, hata kwa siku mbili, hata meneja akiapa.

Namna ya kuuza

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda.

Jua majira. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane Lubumbashi ina baridi na vumbi, ngozi inapasuka miguuni na kuwa nyeupe kama majivu. Huo ndio wakati wa mafuta mazito, krimu za mikono, mafuta ya midomo. Ni wakati pia wa harusi nyingi, na marashi yanatoka. Mwezi wa kumi kuna joto kali kabla ya mvua: hapo uza vitu vyepesi, sabuni na vya kuzuia jasho, na weka mzigo wako mbali na dirisha na mabati, maana rangi za midomo zinayeyuka na krimu zinajitenga maji. Mwezi wa tisa usitegemee kitu. Kila nyumba imebanwa na masomo, na kumsumbua mama wakati huo ni kumfukuza.

Chagua mahali ambapo watu wana mshahara na hawana muda wa kwenda sokoni. Wauguzi wanapobadilishana zamu, walimu wakati wa mapumziko, wasichana wa benki saa ya chakula, wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa mwanzo wa mwezi wanapopokea kutoka nyumbani. Mke wa mfanyakazi wa mgodi mpitie mwisho wa mwezi, si tarehe 15. Saluni ni nzuri kuliko yote, kwa kuwa mwanamke amekaa saa tatu anasukwa na hana la kufanya. Lakini zungumza kwanza na mwenye saluni, mpe kitu kidogo kwa kila chupa itakayotoka kwake. Kanisani mimi siuzi. Ibada ikiisha nawasalimu watu kama dada yao, na atakayehitaji mafuta anajua nyumba yangu. Usipofanya hivyo, baada ya muda watu wataanza kupita upande wa pili wa barabara wakikuona.

Onyesho la nyumbani linazaa kuliko katalogi. Alika wanawake wanne au watano, usizidishe, kwenye sebule ya mteja mwenye marafiki. Bidhaa tatu zinatosha. Mpake kila mmoja mkono mmoja tu, auone tofauti na mwingine. Ukionyesha kitu cha kuosha uso, nenda na bidoni lako la maji, usitegemee bomba la REGIDESO. Kama ni poda au rangi ya kufunika uso, hakikisha una rangi za ngozi zetu zote, kuanzia ya kahawia hafifu hadi nyeusi tii. Katalogi nyingi zilitengenezwa kwa ngozi za kwingine, na ukimpaka mwanamke rangi ya mwenzake mbele ya marafiki umempoteza. Angalia hilo kabla ya kujiunga: fungua ukurasa wa poda uhesabu rangi za giza ni ngapi.

Halafu ngozi yenyewe. Hapa hatuchezi. Mtu mpya mpake kidogo upande wa ndani wa kiwiko, umwache siku moja au mbili kabla ya kupaka uso. Soma tarehe ya mwisho, na ule mchoro wa kikopo kilichofunguliwa wenye namba kama 12M, unaosema miezi ya kutumia baada ya kufungua. Usiuze chupa isiyo na namba ya toleo wala jina la mtengenezaji, hata ukiambiwa ni ya kampuni ile ile kwa bei nafuu.

Wateja watakuomba krimu za kuwafanya weupe. Wataomba kila wiki, na watalipa taslimu. Kataa. Haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, ilipigwa marufuku kwenye vipodozi vya ngozi Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2001. Zebaki, ambayo bado inafichwa kwenye baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua, inaharibu figo, na inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata umeikataza kwenye vipodozi. Klobetasoli ni dawa ya daktari, inaikondesha ngozi mpaka inachanika na kidonda hakifungi. Nimekaa na wanawake wanaoficha nyuso kwa kitambaa kwa ajili ya mambo haya. Hakuna faida ya dola mbili na nusu inayostahili hayo.

Na usiwe daktari. Kama kampuni yako inauza pia vinywaji na vidonge, usimwambie mgonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu kwamba vitamponya, hata kama ulisikia ushuhuda ukumbini. Akiacha dawa zake kwa neno lako, utabeba hilo maisha yako yote.

Tuje kwenye deni. Ukikataa kabisa kukopesha, hapa Lubumbashi utauza kidogo sana. Ukikopesha bila utaratibu, utafunga. Njia yangu ni hii: nusu inalipwa chupa inapotoka mkononi mwangu, nusu siku ya mshahara. Naandika kwenye daftari jina, bidhaa, bei kwa dola, na siku ya kulipa ambayo mteja ameitaja mwenyewe, kisha anatia sahihi. Siku moja kabla ya siku hiyo namtumia ujumbe wa salamu, simtaji deni. Siku yenyewe napita au nampa namba yangu ya M-Pesa au Airtel Money. Chupa ya pili haitoki mpaka ya kwanza iishe kulipwa, awe shemeji, awe mke wa mchungaji. Ndugu wa karibu sana sikopeshi kabisa: nikiwa nacho nampa zawadi sampuli, nasi tunabaki ndugu.

Likelemba nayo inasaidia. Wanawake sita, kila mwezi kila mmoja anatoa dola 5, mmoja anachukua bidhaa za dola 30. Wewe unauza kwa taslimu bila kumdai mtu. Fedha ishikwe na mmoja wao wanayemwamini, wewe leta bidhaa tu.

Karatasi

Kwa biashara ndogo utahitaji patente, yaani kibali cha kufanya biashara hiyo, na ni haki ya Mkongomani. Uliza bei yake ofisini kwenyewe, udai risiti, usimlipe mtu wa barabarani. Mzigo ulioingia kihalali umepitia forodha ya DGDA na ukaguzi wa OCC. Hilo ni jukumu la kampuni, lakini wakala akikuomba uende mwenyewe Kasumbalesa ukavushe makartoni ndani ya mifuko ya nguo, kataa, maana atakayekamatwa ni wewe. Kila risiti ya depo iweke. Utaona sababu.

Kuingiza wengine, kama utaamua

Sikatazi. Mwanamke akikuona unauza vizuri akataka kujifunza, mfundishe. Sharti langu ni kwamba auze kwanza chupa kumi kutoka kwenye mzigo wangu, kwa namba yangu, na faida yote nimpe yeye. Akishindwa, hakupoteza faranga. Akiweza, tayari anajua kazi na anaingia na wateja wake. Simwandikishi mtu aliyekopa ili aingie. Simwandikishi mtu wa tatu kwenye barabara moja na wengine wawili, watauziana wenyewe kwa wenyewe. Mtu akisema hapana, nimesikia, simuulizi tena.

Ukumbini watakuonyesha gari la mtu na hundi kubwa ya kadibodi. Mwombe msemaji akueleze chupa ngapi aliuza mwezi uliopita kwa watu ambao si wanachama. Uliza pia taarifa ya mapato ya wauzaji. Marekani kuna makampuni yanayochapisha taarifa hiyo ikionyesha kila ngazi ilipata kiasi gani, na ukiipata, anza kusoma mstari wa chini kabisa, ule wa wengi.

Namna ya kutoka

Panga kutoka siku ile ile unayoingia. Hata makampuni ya zamani hutikisika: Natura ya Brazil iliichukua Avon mwaka 2020, na Agosti 2024 kampuni mama ya Avon huko Marekani iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Depo ya hapa inaweza kufungwa wakati wowote kwa uamuzi uliofanywa mbali.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, tafuta kwenye mkataba kifungu cha kurudisha mzigo. Kanuni za maadili za shirikisho la dunia la uuzaji wa moja kwa moja zinaitaka kampuni mwanachama imnunulie tena muuzaji anayejitoa bidhaa zinazouzika alizonunua ndani ya miezi 12, ikikata isiyozidi asilimia 10. Uliza kama kampuni ni mwanachama, na kama depo ya Lubumbashi inalipa hapa hapa au itakuambia utume makartoni Kinshasa kwa gharama yako. Jibu la mdomo lisikutoshe.

Ukiamua kuacha, acha kuagiza kwanza. Hesabu mzigo, tenga ambao haujafunguliwa na tarehe yake iko mbali, upeleke depo na risiti zake. Uliobaki uuze kwa bei ya kununulia kwa wateja wako wazuri. Kusanya madeni ya daftari kabla ya kutangaza kwamba umeacha, maana baada ya hapo wengine hawatapokea simu. Omba karatasi inayosema namba yako imefungwa, ili mtu asiagize kwa jina lako.

Na kama uliwaingiza watu, mwambie kila mmoja wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Tazama nao risiti zao: yule ambaye miezi yake 12 haijaisha na anataka kutoka, nenda naye depo, uketi naye kwenye foleni mpaka alipwe.